Redio yako isikike vizuri ku intaneti: kuanzia ku mikro mpaka ku simu ya msikilizaji

Kila wiki maswali ni yale yale. "Kaka, FM yetu inasikika safi kabisa Kadutu mpaka Bagira, sasa juu ya nini ku intaneti inakwaruza?" "Tuliweka 320 lakini watu wa Bruxelles wanasema inakatika." "Tumenunua mikro mupya, ya bei, na bado sauti ni ileile." Na jibu langu la kwanza huwa moja: karibu kila mara sauti imeshaharibika mbele ya kufika ku intaneti. Watu wanakimbilia namba za kbps (wingi wa data yenye inatumwa kila sekunde), wanabadilisha modemu, wanagombana na mwenye seva, kumbe shida iko pale mezani, mu kabule moja ao mu kitufe kimoja cha miksa chenye kimefunguliwa kupita kiasi.

Na hapa Bukavu hatuna sababu ya kukubali sauti mbaya. Huu ni muji wa watu wenye wamekomaa na redio, Radio Maendeleo iko tangu 1993, Radio Okapi ilianza 2002, kwa hiyo masikio ya watu yanajua sauti nzuri ni gani. Tena muji wetu ni wa milima, kuko fasi zenye FM yako haifiki juu kilima kimeziba, mtu wa upande ule anakusikilizia ku simu hata kama muko naye muji moja. Na wale wa mbali, wa Kampala, wa Nairobi, wa Ulaya, kwao strimu, yaani sauti yako yenye inapita ku intaneti, ndo redio, hawana ingine. Ukiwapa sauti ya kuumiza masikio wanafunga, na hawatakupigia simu kukuambia juu ya nini wamefunga.

Mwongozo huu ni kwa redio ndogo, yenye iko na miksa moja, ordinatere moja ao mbili, na mtu mmoja wa kushugulikia tekniki. Teori nitaweka kidogo tu, pale yenye bila hiyo hautaelewa unachofanya.

Vitu vya kuwa navyo mbele ya kuanza

- Ordinatere ya strimu peke yake. Isiwe ile yenye animatere anafungulia Facebook. Hata ya zamani inatosha, kazi yenyewe si nzito.
- Kadi ya sauti ya nje, ya USB, yenye iko na maingilio ya laini. Zile ndogo kama Behringer UCA202 ao UCA222 zinatosha kabisa.
- Kabule mbili nzuri za kutoka ku miksa kwenda ku kadi, moja ya kushoto moja ya kulia.
- Kaski nzuri ya masikio, pamoja na simu ya kawaida ya bei ndogo. Hiyo simu ni kifaa cha kazi kama vingine, utaona juu ya nini.
- Programu ya kutuma strimu. BUTT ni ya bure na inaenda ku Windows, Mac na Linux. Mwongozo huu utaifuata hiyo, lakini ingine yoyote mambo ni yale yale.
- Akaunti ku seva ya Icecast ao SHOUTcast (programu zenye zinapokea strimu yako na kuigawia wasikilizaji), yenye iko nje ya redio yako.
- Intaneti yenye haiyumbi, na batri ao ondilere ya kushika ordinatere na modemu wakati kurani inaenda.
- Audacity na VLC, zote za bure, kwa kupima.

Hatua ya 1: Amua kwanza msikilizaji wako atalipa mega ngapi

Watu wengi wanaruka hii, wanaenda moja kwa moja kuchagua 128 ao 192 juu "ndo kubwa". Lakini ile namba ni mfuko wa msikilizaji. Strimu ya 128 kbps inakula karibu mega 58 kwa saa moja. Ya 64 inakula 29. Ya 48 inakula 22, na ya 32 inakula 14 na kitu. Sasa piga hesabu ya mama mwenye anakusikiliza saa nne kila siku akiwa ku kazi yake: kwa 128 ni mega 230 kwa siku, karibu giga 7 kwa mwezi. Kwa 48 ni giga 2 na nusu hivi. Forfe yake haitafika mwisho wa mwezi na 128 yako, na yeye atasema "redio yenu inakula mega" halafu atarudi ku WhatsApp.

Ninachoshauri: strimu kuu weka AAC+ ya 48 ao 64 kbps. AAC+, yenye wengine wanaita HE-AAC, ilitengenezwa kwa kazi hii hii, kutoa sauti nzuri kwa mega chache. Kwa 48 inasikika vizuri kuliko MP3 ya 64, bila ubishi. Kama uko na uwezo wa kuweka strimu ya pili, hiyo ya pili weka MP3 ya 128 kwa watu wa wifi na wenye vifaa vya zamani. Kama unaweza moja tu na unaogopa vifaa vya zamani, MP3 ya 96 kwa muziki ao ya 64 mono kwa maneno, lakini usishuke chini ya hapo na MP3, juu inaanza kutoa ule mulio wa maji maji ku sauti za "s" na ku matoazi ya ngoma, na hakuna kitu utafanya kuuondoa.

Opus nayo ni nzuri sana, tangu 2012 iko wazi kwa wote na hata sauti za WhatsApp zinatumia hiyo, lakini kuko simu, zaidi iPhone za zamani, zenye hazifungui strimu ya aina hiyo. Kwa redio ya watu wote, ngojea kwanza.

Hatua ya 2: Chukua sauti fasi yake ni safi

Hii ndo hatua ya maana kuliko zote, ukikosea hapa hatua zingine zote ni kupoteza wakati.

Sauti ya strimu itoke ku miksa ya studio, moja kwa moja. Miksa nyingi ziko na matokeo zaidi ya moja: main, rec out, aux, control room. Main imeenda ku FM, wewe chukua rec out ao ingine yenye haiguswe na mtu. Usichukue ile ya kaski ya animatere, juu kila mara atapandisha ao kushusha sauti ya masikio yake na strimu nzima itapanda na kushuka naye.

Makosa mawili yenye naona karibu kila redio.

La kwanza: kuweka kiredio kidogo cha FM pembeni ya ordinatere, wanachomeka tundu la kaski ndani ya ordinatere, basi, strimu iko hewani. Ni rahisi, ndiyo, lakini umechukua sauti yenye imeshapita ku transmeta, imeshakatwa juu ya 15 kHz, imeongezewa mushindo wa hewa, na kila mara transmeta ikizimika juu ya kurani, strimu yako nayo inatuma "shhhhh" dunia nzima. Msikilizaji wa mbali anastahili sauti ya studio, usimpe mabaki ya FM.

La pili ni gumu kulitambua. Redio iko na prosesa ya FM, teknisia anachukua sauti nyuma ya prosesa juu anasema "pale ndo sauti iko na nguvu". Prosesa ya FM inakandamiza sauti kwa nguvu na inakata vichwa vyake, tena mara nyingi inapandisha sauti nyembamba kwa makusudi, juu kila redio ya mtu nyumbani iko na kazi ya kuzishusha tena. Huku kwetu, sawa na Ulaya, kile kipimo ni mikrosekunde 50. Simu ya msikilizaji wa strimu haishushi kitu. Kwa hiyo anapokea "s" zenye ukali wa wembe, na kodeki (ile programu yenye inakandamiza sauti ku MP3 ao AAC+) nayo inahangaika na zile sauti zenye zimekatwa vichwa, inaziongezea uchafu wake. Sauti ya strimu ichukuliwe mbele ya prosesa, mwisho wa neno.

Hatua ya 3: Kabule na kadi ya sauti

Usichomeke miksa ndani ya tundu la mikro la ordinatere, lile la rangi ya pinki. Lile limetengenezwa kupokea sauti ndogo sana ya mikro, ukilipa sauti ya miksa linafurika, utashusha weee mpaka mwisho na bado itakwaruza. Laptopu nyingi za sasa hazina tundu la laini, ndo maana nimesema kadi ya USB.

Upande wa kabule kuko mtego moja yenye nitaeleza polepole, juu imewapotezea watu wengi usiku wao.

Redio moja ya hapa Bukavu walikuwa wanalalamikiwa na watu wa nje: "Tunasikia muziki, lakini animatere hayuko. Anasikika mbali sana, ao hapana kabisa." Studio wanavaa kaski, animatere yuko, sauti yake iko ya ajabu kidogo, imetanda pembeni, lakini yuko. Wakabadilisha mikro, wakabadilisha seva, bado. Kumbe kabule mbili za kutoka ku miksa zilisudiwa na mafundi wawili tofauti: ku plagi yenye iko na pini tatu, mmoja alichukua sauti ku pini ya 2, mwingine ku pini ya 3. Kwa hiyo upande wa kushoto sauti inasukuma, upande wa kulia ileile sauti inavuta. Ukivaa kaski kila sikio linapata yake, hautambui haraka. Lakini simu yenye iko na spika moja inajumlisha pande zote mbili, na sauti ya mtu, yenye iko sawa kushoto na kulia, inajifuta yenyewe. Kinachobaki ni zile gitaa na mwangwi zenye ziko upande moja tu. Kabule moja ilifunguliwa, nyuzi mbili zikabadilishana fasi, animatere akarudi.

Jambo lile lile linatokea ukichukua kabule moja ya jaki yenye pete mbili kutoka ku tokeo la mono la miksa na kuichomeka ndani ya tundu la stereo: ku spika moja karibu kila kitu kinapotea.

Namna ya kupima: fungua strimu ku ile simu ya bei ndogo, bila ekutere, mwambie animatere aongee. Kama sauti yake inapungua sana kuliko ku kaski, enda moja kwa moja ku kabule.

Na kama unasikia mngurumo wa chini, "mmmmm", wenye hauishi hata mkinyamaza, huo ni kurani ya 50 Hz inapita mu kabule. Chomeka miksa na ordinatere ku murefu wa umeme mmoja, tenga kabule za sauti mbali na za kurani, na jaribu kutoa chaji ya laptopu uone kama unaisha. Ukiisha, tafuta kisanduku cha kutenga sauti, kile chenye transfoma ndani, uweke katikati ya miksa na kadi. Usikate waya wa ardhi wa vifaa vyako, ule ndo unamkinga mtu asipigwe na kurani.

Hatua ya 4: Nyamazisha ordinatere

Ingia mu mipangilio ya sauti ya Windows, chagua kadi ya USB kama maingilio, zima milio yote ya mfumo, zima kila kitu chenye kinaitwa "kuboresha sauti", weka 44100 ao 48000 Hz na namba hiyo hiyo uiweke ku BUTT. Zikitofautiana, ordinatere inabadilisha njiani na wakati mwingine inaleta vimulio vya "tik, tik".

Kuko pia kitu kimoja kimejificha mu kurasa ya Komunikasyo ya mipangilio ya sauti: Windows ikiona kuko simu ya kuongea imefunguliwa, inashusha sauti zingine kwa 80%. Ndo maana redio zenye zinapokea wageni kwa WhatsApp ku ordinatere ile ile yenye inacheza muziki, muziki unazama wenyewe bila mtu kuugusa. Weka isifanye kitu.

Hatua ya 5: Kipimo cha sauti

Ku miksa za zamani tulizoea mshale kugonga wekundu na hakuna kitu kinatokea, FM inavumilia. Ku dijitali hakuna kuvumilia. 0 dB ndo dari, ikigusa pale sauti inakatwa na haitarudi tena.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Mwambie animatere aongee kwa nguvu yake ya kweli, ile ya saa ya michezo wakati bao limeingia, hapana ile ya kujaribu "moja, mbili, moja, mbili". Watu wakijaribu mikro wanaongea pole, emisyo ikianza wanaongea mara mbili yake. Rekebisha ku miksa kitufe cha gain mpaka taa nyekundu isiwake hata mara moja. Halafu cheza muziki wenye uko na sauti kubwa kuliko yote yenye muko nayo. Sasa angalia mita ya BUTT: maongezi ya kawaida yaelekee -18 mpaka -15, na vilele visipite -6. Ikipita, shusha ku tokeo la miksa, hapana ku ordinatere. Ikiwa chini sana, pandisha pale pale ku miksa.

Teknisia wengi wanaogopa sauti ndogo kuliko sauti ya kukwaruza. Badilisha hiyo. Sauti ndogo kidogo, msikilizaji anapandisha simu yake, imeisha. Yenye imekwaruza hakuna kitu anaweza kufanya.

Na mikro yenyewe: umbali wa kiganja kimoja, pembeni kidogo ya mdomo, ili "p" na "b" zisipige. Ukuta wa studio wa simenti tupu unarudisha mwangwi, na kodeki ya mega chache haipendi mwangwi hata kidogo. Weka rido nzito, matela nyuma ya animatere, kapeti. Hizo rido zitasaidia kuliko mikro ya dola mia tatu.

Hatua ya 6: Kukandamiza kidogo, hapana sana

Strimu inahitaji sauti ya animatere na ya muziki zikaribiane, juu watu wanasikilizia ndani ya taksi, mu soko, jikoni. BUTT za sasa ziko na kompresa, kile cha kukandamiza sauti, ndani. Weka uwiano wa 3 kwa 1, ianze kushika ku -20 hivi, na angalia isishushe zaidi ya 6 dB kwa kawaida. Kama uko na limita, ile yenye inazuia vilele visipite, kilele kiwe -2. Mwisho wa yote lengo ni -16 mpaka -18 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla, namna masikio yanausikia), ndo kiwango chenye redio za intaneti zinazungukia. Kupima ni rahisi: rekodi strimu nusu saa, pitisha ndani ya programu ya kupima LUFS, utaona.

Ukisikia muziki unapumua, yaani unazama kila ngoma ikipigwa na kupanda tena, umezidisha.

Hatua ya 7: Safisha maktaba ya muziki

Hapa ndo naomba uchukue wakati, juu hapa ndo redio nyingi zinajiangusha.

Nyimbo zenu zimetoka wapi? Tuseme ukweli: zingine zilitoka YouTube na programu ya kugeuza, zingine zilitumwa ku WhatsApp, zingine zilikopiwa ku flashi ya mtu mwenye alikopi ku ya mwingine. Kila mara wimbo ukigeuzwa kuwa MP3 unapoteza kitu, halafu strimu yako nayo inaukandamiza tena mara ya mwisho. Ni fotokopi ya fotokopi: ya kwanza unasoma, ya nne unakisia.

Mtego mkubwa ni faili yenye imeandikwa 320 kumbe ndani yake ni 96 yenye mtu aligeuza. Namba imepanda, sauti haijarudi, na haitarudi. Kuitambua, pakua programu ndogo ya bure yenye inaitwa Spek, angushia faili ndani, inakuchorea picha ya sauti. Faili nzuri rangi zinafika juu, karibu na 20 kHz. Ile ya kugeuzwa inakatika kwa mstari wa sawasawa ku 16 kHz ao chini yake, kama imekatwa na rula. Usishangae ukikuta nusu ya maktaba iko hivyo.

Haulazimiki kutupa yote leo. Anza na zile nyimbo zenye zinapita kila siku, jingo, na muziki wa kufungua habari. Jingo zaidi, juu inasikika mara ishirini kwa siku, na mara nyingi studio yenye iliitengeneza bado iko na faili ya WAV, iombe. Wanamuziki wa hapa wakikuletea kazi yao, usipokee kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida. Mwambie alete ku flashi ya USB ao atume kama dokima, WAV ao FLAC. Wanafurahi kuona redio inajali.

Kwa kazi mpya zote: rekodi emisyo kwa WAV, hariri kwa WAV, geuza mara moja tu mwishoni.

Hatua ya 8: Mipangilio ya BUTT

Fungua mipangilio, ongeza seva: aina Icecast, anwani, namba ya mlango (mara nyingi 8000), neno la siri la kutuma, na jina la strimu yenye mkopeshaji wa seva amekupa. Upande wa sauti: kodeki AAC+ ya 48 ao 64. Ku Windows, AAC ya BUTT inaomba faili moja ya pembeni yenye unaipakua peke yake na kuiweka mu foda, maelezo yako ku tovuti yao. Debi, yaani zile kbps, iwe ile yenye haibadiliki, CBR, juu ile ya kupanda na kushuka inasumbua bafa (ile akiba ya sauti yenye simu inaweka mbele ya kucheza) za simu zenye koneksio dhaifu.

Mono ao stereo? Redio ya maneno, habari, mahubiri: mono, bila kufikiri mara mbili. Kwa 48 kbps mono mega zote zinaenda ku sauti moja, inakuwa safi. Redio ya muziki: stereo kuanzia 64 ya AAC+.

Weka tiki ku kujiunganisha tena yenyewe kama koneksio imekatika. Hii ni lazima.

Hatua ya 9: Seva ikae nje

Usiweke Icecast ku ordinatere ya studio. Ukifanya hivyo, kila msikilizaji anavuta strimu yake kutoka ku modemu yako: watu 50 kwa 64 kbps ni mega biti 3.2 kwa sekunde za kupandisha, bila kusimama. Kodi fasi ku seva ya nje, wewe unatuma strimu moja tu, 64 kbps, seva ndo inagawia watu.

Strimu moja ya 64 inapita hata ku 3G. Shida yetu ni kuyumba, ukubwa wa koneksio unatosha. Kwa hiyo: modemu ya strimu iwe ya strimu peke yake, ikae dirishani upande wa antene ya mtandao, na ordinatere iunganishwe kwa kabule, hapana wifi. Ukiweza kuwa na SIM ya kampuni ya pili kama akiba, weka. Na muombe mwenye seva aweke strimu ya akiba, yaani faili ya muziki yenye inaanza yenyewe wakati wewe umekatika, ili msikilizaji asifukuzwe.

Hatua ya 10: Kurani

Ordinatere, kadi, miksa na modemu, vyote ku batri. Wengi wanakumbuka ordinatere wanasahau modemu, kurani ikienda ordinatere iko inawaka lakini hakuna strimu. Grupu (jenereta) ikiwaka, ngojea dakika mbili tatu izoee mbele ya kuihamishia vifaa, ule mruko wa kwanza unaua kadi za sauti.

Hatua ya 11: Sikiliza kama msikilizaji

Kila siku, asubuhi na mangaribi, fungua strimu ku ile simu ya bei ndogo, kwa mega za simu, hapana wifi ya studio. Halafu mara moja kwa wiki fungua ku VLC, bonyeza Ctrl na J, angalia kama kodeki na debi ni zile ulipanga. Na rekodi dakika kumi za strimu, dakika hizo hizo rekodi ku miksa, uziweke pembeni ndani ya Audacity, sikiliza moja halafu ingine. Masikio yako yatakuambia mengi kuliko malalamiko ya watu ishirini.

Ikikataa: shida na dawa zake

*Inakatika kwa wasikilizaji wote wakati mmoja.* Ni upande wako. Angalia BUTT kama inaandika kujiunganisha tena. Badilisha SIM, sogeza modemu, shusha debi mpaka 48.

*Inakatika kwa mtu mmoja tu.* Ni mtandao wake. Mpe strimu ndogo, muache.

*Inakwaruza ku sauti kubwa tu.* Kipimo, rudi Hatua ya 5. Anza ku gain ya mikro, halafu tokeo la miksa, halafu kadi. Ikikwaruza hata wakati mita ya BUTT iko chini, basi inafurika mbele zaidi, ku miksa yenyewe.

*Inakwaruza wakati wote hata sauti ikiwa ndogo.* Kabule ao tundu lenye kutu. Zungusha kidogo ukisikiliza, utaipata.

*Vimulio vya "tik, tik" kila sekunde chache.* Namba za Hz hazilingani, ao ordinatere imechoka. Funga antivirusi isichungulie wakati wa emisyo, ongeza bafa ya sauti.

*Animatere anasikika mbali, muziki uko karibu.* Hatua ya 3, kabule.

*"S" zinachoma masikio.* Umechukua sauti nyuma ya prosesa, ao uko na MP3 ya debi ndogo.

*Muziki ni mubaya lakini sauti ya mtu ni nzuri.* Faili zako. Spek.

*Strimu inachelewa sekunde 20 ao 30 nyuma ya FM.* Ni kawaida. Icecast inamtupia msikilizaji mupya furushi la kilobaiti 64 ili aanze haraka, na kwa debi ya 32 furushi hilo peke yake ni sekunde 16. Mwenye anapiga simu studio azime strimu kwanza, asikilize ku simu. Na saa yenye animatere anatangaza hewani, mtu wa strimu ataisikia imechelewa, hakuna dawa.

*Ku ordinatere inafunguka, ku tovuti yenu hapana.* Tovuti iko na https na strimu iko na http tu, vivinjari vya sasa vinakataa mchanganyiko huo. Muombe mwenye seva anwani ya https.

*Inafunguka ku Android, ku iPhone hapana.* Mara nyingi ni Ogg ao Opus. Rudi ku AAC+ ao MP3.

Kama umepitia zote na bado, tuma vitu vitatu kwa mtu mwenye unamuuliza: rekodi ya dakika moja ya strimu, rekodi ya dakika ile ile ku miksa, na picha ya mipangilio ya BUTT, neno la siri ulifiche. Bila hizo rekodi mbili hakuna mtu anaweza kujua sauti imeharibikia wapi.